Karo lako liko mita ngapi kutoka kisima cha jirani?

Kila masika yanapoingia, zahanati za Dar es Salaam huanza kupokea watoto wanaoharisha, na swali ambalo sisi matabibu huuliza mapema ni maji ya kunywa yanatoka wapi. Mara nyingi jibu ni kisima cha uani, na mama huongeza haraka: "Lakini maji yake masafi, daktari, meupe kabisa." Ukimuuliza choo kiko wapi, atakuambia kiko hapo hapo uani, nyuma ya jiko.

Tuliokaa madrasa tumefundishwa kuwa maji mengi hubaki tohara mpaka najisi ibadilishe rangi, ladha au harufu yake. Hicho ni kipimo cha ibada, nacho kina nafasi yake. Lakini vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havina rangi wala harufu, na ndoo inayong'aa inaweza kuwa imevijaa. Unaweza kutawadha kwa maji ya kisima chako, swala yako ikasihi, na maji hayo hayo ukiyanywa bila kuyachemsha yakakulaza kitandani. Wapo ndugu zetu wanaochanganya mambo haya mawili. Wakishasikia maji ni tohara wanampa mtoto kikombe.

Sasa vijidudu vinafikaje kisimani? Sehemu kubwa ya nyumba za jiji hili haijaunganishwa na bomba la maji taka la DAWASA. Tunategemea shimo au karo, na hapa ndipo mafundi wetu wanapotuangusha. Karo la kweli ni tangi lililojengwa kwa zege au matofali na kupigwa lipu vizuri, sakafu yake haivuji na kuta zake hazivuji. Kazi yake ni kutuliza uchafu: mzito unazama chini na kuwa tope, mafuta na mapovu yanaelea juu, na maji ya katikati yanatoka kupitia bomba la tii kwenda kwenye shimo la pili, shimo la kufyonza, ambalo ndilo pekee linaloruhusiwa kuvujisha maji ardhini. Karo zuri lina vyumba viwili, cha kwanza kikichukua kama theluthi mbili ya nafasi, lina mifuniko ya kukagulia, na lina bomba la hewa lenye wavu juu.

Anachochimba fundi wengi wao wanaoitwa mtaani ni shimo moja lenye matofali yaliyoachiwa nafasi katikati na sakafu ya mchanga, halafu analiita karo. Mwenye nyumba hufurahi kwa sababu halijai upesi. Halijai kwa kuwa kinyesi kinakwenda ardhini pamoja na maji yake, na maeneo kama Jangwani, Kigogo au Buguruni ukichimba kidogo tu unakuta maji.

Kwa hiyo upime. Umbali unaotumika sana kati ya shimo la choo au la kufyonza na kisima ni mita 30 au zaidi, na chini ya shimo pabaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu kabla ya kufikia maji, hata wakati wa mvua. Pima kwa futi kamba, si kwa hatua za kukadiria. Na usipime kwenye kiwanja chako tu. Vuka ukuta ukaangalie kisima cha jirani kiko upande gani, maana viwanja vyetu vingi havina hata mita 30 toka mwanzo hadi mwisho. Ukichimba shimo kwenye kona ya mbali na kisima chako, pengine ndiyo kona inayogusa kisima cha mwenzako, na haki ya jirani sote tunaijua.

Kisheria jambo hili halikuachwa kwa fundi. Michoro unayopeleka halmashauri kuombea kibali cha ujenzi inatakiwa ionyeshe karo na mfumo wote wa maji taka, na afisa afya ni mmoja wa wanaoipitia. (Wengi wetu tunajenga kwanza, kibali tunakikumbuka tukiwekewa alama ya X.) Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya uwezo wa kuingia na kukagua, na kukuamuru uondoe kero. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari, kwa hiyo shimo la choo kando ya Msimbazi lina kosa kabla halijajaa. Juu ya hizo kila halmashauri ina sheria ndogo zake zenye faini zake. Bwana afya wa kata ndiye wa kumuuliza kabla hujanunua tofali la kwanza.

Ukubwa nao una hesabu yake. Chukua kaya ya watu 8, kila mmoja akitumia lita 60 kwa siku: hizo ni lita 480, na karo linatakiwa liyashike maji hayo kwa siku nzima angalau. Ongeza nafasi ya tope, kama lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Kwa miaka 3 hiyo ni lita 960 nyingine. Jumla ni karibu lita 1,500, na ukifikiria wageni wa Idi na wa misiba, mita za ujazo 2 hadi 3 si anasa.

Misikiti na madrasa wanalo tatizo lao. Maji ya udhu ya mamia ya watu yakielekezwa kwenye karo la choo, yanalisukuma tope litoke kabla halijatulia, na shimo la kufyonza linaziba. Maji ya udhu yapewe shimo lake peke yake au yapelekwe kwenye migomba. Na bomba lifungwe wakati mtu anapaka kichwa. Mtume (SAW) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji.

Kuhusu matunzo: pedi, pampasi na matambara visiingie chooni. Mafuta ya taa na oili chafu watu wanavyomwaga kuua mbu vinaishia kisimani. Mbu wa mashimoni, Culex, ndio wanaoeneza matende na mabusha mwambao wetu, na kuwadhibiti inawezekana. Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 mashimo ya vyoo yenye maji yalifunikwa kwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea, sambamba na watu kupewa dawa, na mbu wakapungua sana. Nyumbani kwako wavu kwenye bomba la hewa na mifuniko isiyo na nyufa vinatosha kuanzia.

Tope lipimwe kila mwaka. Funga kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, uzamishe mpaka chini, uutoe taratibu uone weusi umefika wapi. Likifika theluthi ya kina, ita gari la kunyonya lenye kibali, na muulize dereva anakwenda kumwaga wapi. Yapo mabwawa maalumu, kama yale ya Vingunguti.

Halafu kuna kutapisha. Mvua kubwa inanyesha usiku, mtu anatoboa ukuta wa shimo, uchafu unakwenda na maji mtaani, asubuhi watoto wanaukanyaga wakienda chuoni. Tumekatazwa hata kujisaidia njiani wanakopita watu, sembuse kuwamwagia shimo zima. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza hapa Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi ya Bara, na ugonjwa huo njia yake ni hiyo hiyo ya kinyesi kufika kinywani.

Na asiingie mtu shimoni, hata kuokota simu. Gesi ya humo inaua kwa dakika chache, na harufu yake ya yai viza hupotea puani gesi inapozidi, mtu akadhani hewa imesafika. Aliyeanguka asifuatwe. Piga 114, zimamoto.

Kama kisima chako tayari kiko karibu na shimo na huna pa kukihamishia, maji yake yawe ya kufulia na kusafishia. Ya kunywa, ya kuoshea matunda na ya kusukutua yachemshwe mpaka yatokote kabisa, au yatiwe dawa ya klorini na kuachwa nusu saa, kisha yawekwe kwenye ndoo yenye mfuniko na bomba.

Wabillahi tawfiq.