Ulimi na unywele: nani husema kweli juu ya madawa ya kulevya?

Unywele ni kitu kidogo. Kinyozi huufagia na kuutupa nje bila kuutazama. Lakini wenye elimu wameona ya kuwa unywele hutunza habari za mtu kama daftari. Mzizi wake hulishwa na damu. Basi mtu akivuta au akijidunga dawa ya kulevya, sehemu ndogo ya dawa ile huingia katika unywele unaoota na kukaa humo. Unywele wa kichwani huota kadiri ya santimeta 1 kwa mwezi. Kwa hiyo kipande cha santimeta 3, kilichokatwa karibu na ngozi, chaeleza habari za miezi mitatu, hali mkojo kwa madawa mengi hauelezi ila siku chache. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1979 na Werner Baumgartner wa Los Angeles, Marekani, pamoja na wenzake.

Lakini kwa nini kutafuta katika nywele, na mtu anacho kinywa? Tangu zamani waliotaka kujua ni wangapi wanaotumia madawa hayo katika mji waliuliza tu, wakaandika majibu. Kwa kufuata hesabu hizo watu hupanga matibabu na mafundisho ya shuleni. Hesabu ikiwa ya uongo, vijana wanaoharibika hawaonekani, wala hakuna anayewatafutia msaada.

Mwaka 2010 wataalamu wa Detroit walitoa habari za vijana zaidi ya 400 wa mitaa yenye hatari, pamoja na wazazi wao. Wote waliahidiwa ya kuwa majibu yao na matokeo ya kipimo hayataonyeshwa kwa serikali, wala kwa mganga wao, wala mzazi kwa mtoto. Hata hivyo, kwa wale waliopimwa, nywele za vijana zilifunua kokaini mara 52 kuliko vinywa vyao. Na wazazi? Nywele zao mara 6 na nusu. Kwa hiyo wakubwa nao walificha! Tusishangae sana. Anayekwenda kuungama huenda kwa hiari yake, akitafuta rehema. Anayeulizwa na mwenye kuhesabu hatafuti kitu kwake, ila aogopa aibu.

Je, tuuamini unywele tu? Hapo yatupasa kwenda polepole, maana jambo hili lawagusa hasa watu wenye nywele nyeusi. Rangi ya unywele, iitwayo melanini, hushika kokaini na madawa mengine kadha kwa nguvu. Watu wawili wakitumia kiasi kilekile, mwenye nywele nyeusi aweza kuonekana ametumia zaidi. Tena vumbi au moshi wa kokaini waweza kushika nywele za mtu asiyeitumia.

Katika mji wa Boston polisi walianza kupimwa nywele mwaka 1999, na aliyeonekana na kokaini aliweza kupoteza kazi, yaani mkate wa watoto wake. Weusi walioanguka katika kipimo walizidi weupe kwa kadiri. Mwaka 2005 baadhi ya polisi weusi walishtaki. Mwaka 2013 tume ya jimbo la Massachusetts iliwarudisha kazini 6 kati ya 10, ikisema kipimo cha nywele peke yake hakitoshi kumfukuza mtu; na mwaka 2014 mahakama ya rufani ikakubali ya kuwa tofauti ile kati ya weusi na weupe haikuwa ya bahati tu.

Kuna na bangi, inayojulikana sana kwetu. Hiyo huingia katika unywele kidogo mno, hata mvutaji wa mara mojamoja mara nyingi haonekani. Kwa bangi, basi, ulimi hueleza zaidi kuliko unywele, mradi swali liulizwe vema. Mwaka 1998 ilionekana huko Marekani ya kuwa vijana wanaume hukiri mambo ya aibu zaidi wakisikia swali masikioni kwa kompyuta na kujibu peke yao, pasipo uso wa mkubwa mbele yao.