Kinasa, Karani wa Kamera
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulizungumza juu ya kamera zenyewe, macho yale yanayotundikwa juu ya milango na kuta za majumba kuanzia Tegeta na Bunju, kupita Mapinga na Kerege, hadi Bagamoyo mjini. Na msomaji mmoja aliyenikuta njiani akanilaumu kwamba nimeyasifu macho nikausahau moyo. Lawama yake ni ya haki. Kamera huona tu, wala haikumbuki. Mwenye kukumbuka ni kinasa, kile kisanduku kinachofichwa kabatini, ambacho mafundi hukiita DVR ikiwa kinapokea picha kwa waya mnene mfano wa ule wa antena ya televisheni, na NVR ikiwa kinazipokea kwa waya wa mtandao. Zamani karani huyu hakuwapo: Wajerumani walipokuwa wakizitazama roketi zao kule Peenemünde mwaka 1942, kwa kamera alizozishughulikia mhandisi Walter Bruch, picha zilipita mbele ya macho ya watazamaji zikatoweka, kwa kuwa mashine ya kampuni ya Ampex iliyofaa kuzihifadhi picha za televisheni katika utepe haikutokea mpaka mwaka 1956.

Nasi watu wa Bagamoyo tusingehitaji kufundishwa thamani ya karani, maana mji huu ulikua kwa sandarusi na kwa pembe za ndovu zilizoshuka na misafara kutoka bara zikavushwa Unguja, na tajiri aliyekuwa na walinzi wengi bila ya daftari hakuwa na la kudai siku mzigo ulipopungua. Walakini tukiingia dukani leo twauliza kamera inaona mbali kiasi gani, kisha kinasa twachukua chochote tunachopewa.

Jamaa yangu mmoja, mwenye nyumba ya wageni karibu na ufuo, alifanya vivyo hivyo. Alifunga kamera 16, picha zake safi hata nambari ya gari langoni yasomeka, na muuzaji akamwekea kinasa chenye diski moja ya terabaiti 6, akimhakikishia kwamba ni kubwa kabisa wala haitajaa. Siku moja mashine ya boti ikawa haipo stoo, na kwa kuwa boti ilikuwa haijatoka kwa muda, haikujulikana imeondoka lini. Kinasa kilipofunguliwa, siku ya zamani kabisa iliyokuwamo ilikuwa ya nane kurudi nyuma. Hakikuharibika, la hasha; kilitenda kama kilivyoamriwa, kikijaa hufuta ya kale na kuandika mapya juu yake.

Muuzaji angelichukua kalamu, angeliona. Kamera nzuri ya siku hizi huweza kupeleka megabiti 4 kila sekunde, na siku moja ina sekunde 86,400. Zidisha, kisha ugawe kwa nane ili upate baiti, utaona kamera moja yala gigabaiti 43 na kidogo kwa siku. Kamera 16 zala gigabaiti 691. Basi diski ya terabaiti 6 ni chakula cha siku nane na ushei, na anayetaka kumbukumbu ya siku 30 sharti awe na terabaiti zipatazo 21. Ni kweli kwamba mtindo wa kubana picha uitwao H.265, uliokubaliwa mwaka 2013, hupunguza mzigo huo karibu nusu ukilinganishwa na H.264 wa miaka kumi kabla yake; lakini mbano huo hufanya kazi vizuri pale ambapo kitu hakitikisiki, na pwani yetu ni nchi ya minazi. Kusi ikivuma, makuti hucheza usiku kucha na mawimbi hayatulii, hivyo kamera inayotazama shamba au bahari hula nafasi kuliko inayotazama ukuta. Na ukikiamuru kinasa kiandike pale tu panapokuwa na mwendo, mnazi utakidanganya mpaka alfajiri. Mimi husema: fanya hesabu kama kwamba mbano haupo, kisha faida yake iwe akiba.

Idadi ya kamera iliyoandikwa juu ya boksi nayo yataka kusomwa kwa hadhari. Kinasa chaweza kuandikwa kwamba kinabeba kamera 32, na ndani ya karatasi yake, kwa herufi ndogo, pakawa na maneno kwamba kinapokea jumla ya megabiti 160 kwa sekunde. Kamera 32 za megabiti 8 kila moja zina 256, na hapo huna budi kushusha ubora wa picha ulioulipia.

Kinachotofautisha kinasa cha hadhi ya juu na cha kawaida, kwa maoni yangu, ni diski zaidi ya kioo cha kutazamia. Cha kawaida kina diski moja au mbili, na moja ikifa yaliyomo yamekufa nayo. Cha juu kina nafasi nne, nane au zaidi, na huzifungamanisha kwa utaratibu uitwao RAID, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley miaka ya 1980. Katika daraja la tano la utaratibu huo, diski nne za terabaiti 8 hukupa nafasi ya 24, na thamani ya ile moja iliyobaki hutumika kama dhamana, hata ikifa mojawapo waichomoa, wachomeka mpya, na kinasa hujijazia upya kilichopotea. Kujijaza huko kwaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na diski ya pili ikifa katikati, hakuna tena la kuokoa. Tena ziwe diski zilizotengenezwa kwa kazi hii ya kuandika usiku na mchana, si zile za kompyuta ya mezani.

Sasa tuje kwa adui wa kwetu. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo kuta zake hunywa unyevu na kutoa munyu. Hata katika nyumba mpya za saruji, upepo wa bahari huingia na chumvi yake, na kila palipo na shaba wazi hugeuka kijani. Kinasa hupuliza hewa kwa feni, kwa hiyo huivuta chumvi hiyo mpaka tumboni. Kiwekwe chumba cha ndani, mbali na ukuta unaoikabili bahari, juu ya ubao, mlango umefungwa kwa ufunguo. Si mapokezi, ambako mwizi hukibeba pamoja na ushahidi wake. Na kwa kuwa waya wa mtandao haupaswi kuzidi mita 100, ilhali kutoka nyumba hadi ufuoni aghalabu ni zaidi, njia ndefu na zipitiwe na nyuzi za kioo, ambazo zina fadhila nyingine wakati wa masika: hazibebi radi.

Umeme ukikatika, kinasa na kamera 16 pamoja huweza kutaka wati zipatazo 150. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, yakupa takriban saa tatu na nusu. Ile UPS ndogo ya mezani ni ya kukipa kinasa wasaa wa kuzimika kwa salama, basi.

Yako mambo mawili yasiyo na gharama ambayo watu huyapuuza. La kwanza ni nywila: mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vinasa vingi duniani kwa sababu tu wenyewe waliacha nywila za kiwandani. La pili ni saa. Kinasa kilichoachwa katika majira ya China kiko saa tano mbele yetu, na tukio la saa moja jioni huandikwa la saa sita usiku. Nawe ukilipeleka mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yamtaka hakimu aangalie jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na wakili wa upande wa pili atafurahi mno. Tangu Mei 2023, ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, picha za wageni wako ni amana pia, zisiwekwe zaidi ya haja.

Kwa nyumba ya kamera 16 hapa mwambao, basi, hukumu yangu ni NVR yenye nafasi nne za diski, zijazwe diski za terabaiti 8, na iwe inafuata kanuni za ONVIF zilizoanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony, ili kamera ya kampuni nyingine isikataliwe. Fedha ikipungua, punguza kamera mbili, diski ziache.

Juma lijalo, Mungu akijaalia, tutazungumza juu ya waya na mafundi. Kabla ya hapo, msomaji mwenye kinasa nyumbani na akifungue usiku huu, atazame siku ya zamani kabisa iliyomo, kisha ailinganishe saa yake na ya mkononi.