Kuagiza mapema si kulipa papo hapo

ANAYEAGIZA simu au kompyuta ambayo haijaingia sokoni hutakiwa kutoa nambari ya kadi yake siku hiyo hiyo. Hata hivyo, kutoa nambari si kulipa.

Nchini Marekani, maduka mengi ya mtandaoni huiuliza benki kwanza iwapo kadi ni halali na ina fedha za kutosha. Benki ikiridhia, huzuia kiasi hicho kwa siku chache bila kukihamisha. Malipo yenyewe, kama ilivyo kwa Amazon, huchukuliwa bidhaa inapotayarishwa kusafirishwa.

Mtambo wa michezo wa PlayStation 5 ulianza kuagizwa Septemba 2020 lakini ukauzwa rasmi Novemba. Katika kipindi kirefu hivyo, kizuizi cha kwanza huisha na benki huulizwa upya. Kadi ikiwa imepitwa na wakati, au akaunti ikiwa tupu, agizo laweza kufutwa.

Kwa mwenye kadi ya mkopo, kinachopungua ni uwezo wa kukopa. Anayetumia kadi ya akaunti yake huzuiliwa pesa zake mwenyewe, hata za kodi ya nyumba.

Baadhi ya wauzaji hutoza mara moja, na sheria haiwakatazi. Lakini kanuni ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo, iliyotolewa mwaka 1975, humlazimu muuzaji anayechelewa kumjulisha mteja na kumruhusu kufuta agizo na kurejeshewa fedha zote.

Kwa hivyo, ni muhimu mnunuzi asome masharti ya malipo kabla ya kutoa nambari.