Pete Postlethwaite

Peter William Postlethwaite (7 Februari 1946 – 2 Januari 2011), aliyejulikana zaidi kama Pete Postlethwaite, alikuwa mwigizaji wa jukwaani, filamu na televisheni kutoka nchini Uingereza. Anafahamika hasa kwa filamu za In the Name of the Father (1993), The Usual Suspects (1995), Brassed Off (1996), The Lost World: Jurassic Park (1997) na The Constant Gardener (2005).

Ni mara chache alipewa nafasi ya mhusika mkuu. Kazi yake ilikuwa kuigiza wahusika wa pembeni: baba, askari, mfungwa, wakili, padre, mwindaji. Waigizaji wa aina hii hutegemewa kuifanya hadithi iaminike, ingawa mara nyingi watazamaji huzikumbuka sura zao bila kuyajua majina yao. Postlethwaite alitambulika kirahisi kwa mashavu yake yenye mifupa iliyochomoza, pua pana na sauti nzito yenye lafudhi ya kaskazini mwa Uingereza.

Maisha ya awali

Postlethwaite alizaliwa Warrington, mji wa viwanda ulioko kati ya Liverpool na Manchester. Alikuwa kitindamimba katika familia ya Kikatoliki ya tabaka la wafanyakazi yenye watoto wanne. Alipokuwa kijana alifikiria kuwa padre, lakini baadaye akasomea ualimu katika chuo cha St Mary's, Twickenham, karibu na London. Alifundisha kwa muda huko Manchester, kisha akaacha kazi hiyo na kujiunga na shule ya uigizaji ya Bristol Old Vic.

Alipoanza kazi alishauriwa abadili jina lake la ukoo, kwa kuwa lilionekana refu na gumu kutamka. Alikataa, akabaki nalo maisha yake yote.

Kazi ya jukwaani

Katika miaka ya 1970 Postlethwaite alikuwa mmoja wa waigizaji wa ukumbi wa Everyman mjini Liverpool. Ukumbi huo ulijulikana kwa michezo iliyohusu maisha ya watu wa kawaida wa mji ule. Wenzake wa wakati huo ni pamoja na Julie Walters, Bill Nighy, Jonathan Pryce na Antony Sher, ambao wote walikuja kuwa waigizaji mashuhuri. Baadaye alifanya kazi pia na kampuni ya Royal Shakespeare.

Hata baada ya kupata umaarufu katika filamu hakuliacha jukwaa. Mwaka 2007 aliigiza Prospero katika The Tempest ya Shakespeare mjini Manchester. Mwaka 2008, Liverpool ilipokuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, alirudi Everyman kuigiza King Lear, mfalme mzee anayegawa ufalme wake na kuishia kupoteza kila kitu. Mchezo huo ulihamia London mwaka 2009.

Filamu na televisheni

Filamu yake ya kwanza ilikuwa The Duellists (1977) ya Ridley Scott, ambamo alionekana kwa muda mfupi tu. Alianza kutambuliwa zaidi kwa Distant Voices, Still Lives (1988) ya mwongozaji Terence Davies, inayosimulia maisha ya familia moja ya Liverpool katika miaka ya 1940 na 1950. Aliigiza baba mkali anayewapiga mke na watoto wake. Davies aliitunga filamu hiyo kutokana na kumbukumbu za familia yake mwenyewe.

Miaka mitano baadaye aliigiza baba wa aina tofauti kabisa katika In the Name of the Father ya Jim Sheridan. Filamu hiyo inahusu kesi ya kweli ya Gerry Conlon, kijana wa Belfast aliyefungwa mwaka 1975 pamoja na wenzake watatu kwa kosa la kulipua baa mjini Guildford, kosa ambalo hawakulitenda. Baba yake, Giuseppe Conlon, alisafiri hadi London kumsaidia mwanawe, naye akakamatwa na kufungwa bila hatia. Alifariki mwaka 1980 akiwa bado mfungwa. Gerry aliachiwa huru mwaka 1989, na hukumu ya Giuseppe ilifutwa mwaka 1991. Katika filamu, baba na mwana wanaonyeshwa wakikaa katika chumba kimoja cha gereza, jambo ambalo halikutokea hivyo katika maisha halisi. Postlethwaite alimwigiza Giuseppe kama mtu mpole, mgonjwa na mcha Mungu, ambaye nguvu zake zimo katika uvumilivu. Kwa kazi hiyo aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi, lakini tuzo ilikwenda kwa Tommy Lee Jones. Aliyeigiza Gerry ni Daniel Day-Lewis, ambaye naye alisoma katika shule ya Bristol Old Vic.

Kwenye televisheni alivuma mwaka 1994 kama Obadiah Hakeswill, sajini katili katika mfululizo wa Sharpe. Mwandishi wa vitabu vya Sharpe, Bernard Cornwell, alipoandika tena habari za Hakeswill katika vitabu vya baadaye alimchora kwa kufuata uigizaji wa Postlethwaite.

Katika The Usual Suspects alikuwa Kobayashi, wakili mtulivu anayemtumikia mhalifu asiyeonekana. Mwaka uliofuata aliigiza Padre Laurence katika Romeo + Juliet ya Baz Luhrmann, na Danny katika Brassed Off ya Mark Herman. Danny ni kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya wachimbaji wa makaa ya mawe, wakati ambapo mgodi wao unafungwa. Ni mgonjwa wa mapafu kutokana na vumbi la mgodini. Bendi yake inaposhinda fainali katika ukumbi wa Royal Albert Hall, anakataa kombe na kutumia nafasi hiyo kuishutumu serikali kwa kuharibu maisha ya wachimbaji. Hadithi hiyo ilitokana na hali ya kijiji cha Grimethorpe, ambacho mgodi wake ulifungwa mwaka 1993. Sehemu ya hotuba hiyo ilitumiwa na kundi la Chumbawamba mwanzoni mwa wimbo wa Tubthumping katika albamu yao ya mwaka 1997.

Mwaka 1997 Steven Spielberg alimtumia katika filamu mbili. Katika Amistad alikuwa mwendesha mashtaka Holabird. Katika The Lost World: Jurassic Park alikuwa Roland Tembo, mwindaji wa wanyama wakubwa anayetaka kumwinda Tyrannosaurus dume. Jina la mhusika huyo ni neno la Kiswahili, na sehemu moja iliyoondolewa katika filamu ilimwonyesha akiwa baa mjini Mombasa. Spielberg alimsifu kuwa huenda ndiye mwigizaji bora kuliko wote duniani. Postlethwaite aliigeuza sifa hiyo kuwa mzaha, akidai kwamba Spielberg alisema Pete ndiye anayejiona kuwa bora.

The Constant Gardener

Filamu hii ya Fernando Meirelles, iliyotokana na riwaya ya John le Carré, ilipigwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya, zikiwemo Kibera na eneo la Ziwa Turkana. Inahusu kampuni ya dawa inayowafanyia majaribio wagonjwa maskini wa Kenya bila kuwaeleza madhara ya dawa hiyo. Postlethwaite aliigiza Lorbeer, daktari aliyeshiriki katika mpango huo kisha akakimbilia kambi ya wakimbizi nchini Sudan na kuwahudumia watu kwa jina lingine. Anaonekana karibu na mwisho tu, lakini ndiye mwenye siri ambayo mhusika mkuu ameitafuta muda wote. Baada ya upigaji picha, watengenezaji wa filamu walianzisha mfuko wa kusaidia wakazi wa Kibera na Loiyangalani.

Msimamo kuhusu mazingira

Mwaka 2004 alitunukiwa nishani ya OBE. Mwaka 2009 alionekana katika The Age of Stupid ya Franny Armstrong, akiwa mzee aliyebaki peke yake mwaka 2055, anayetazama picha za zamani na kujiuliza kwa nini binadamu hawakuzuia mabadiliko ya tabianchi. Filamu ilipozinduliwa alimwambia hadharani waziri Ed Miliband kwamba angeirudisha nishani yake iwapo serikali ingeruhusu kituo kipya cha umeme wa makaa ya mawe huko Kingsnorth. Mpango huo uliahirishwa mwaka uleule, na kituo hakikujengwa.

Maisha binafsi na kifo

Postlethwaite aliishi mashambani Shropshire na mkewe Jacqueline. Walijaliwa watoto wawili, mvulana na msichana. Karibu na mwaka 1990 aliugua saratani ya korodani, akapona. Baadaye alipatwa na saratani ya kongosho, lakini aliendelea kufanya kazi: mwaka 2010 alionekana katika Clash of the Titans, Inception na The Town. Katika Inception aliigiza tajiri aliye kwenye kitanda cha mauti. Alifariki hospitalini Shrewsbury akiwa na umri wa miaka 64.

Wiki chache baada ya kifo chake aliteuliwa kuwania tuzo ya BAFTA kwa The Town. Filamu yake ya mwisho, Killing Bono, na kitabu cha maisha yake, A Spectacle of Dust, vilitoka mwaka 2011.