Homa Isiyopanda: Kinga ya Mwili Uzeeni

Juni na Julai, baridi ya Ufipa huwaweka wazee wa Sumbawanga karibu na moto wa jikoni. Mzee akikosa hamu ya kula, akakonda na kuchoka, jamaa husema, "Ni uzee tu." Kauli hiyo yaweza kuficha kifua kikuu.

Kinga ya mwili hutegemea mawasiliano. Seli zinazomeza bakteria huzipasha habari seli T, kwa sehemu kupitia kemikali ziitwazo saitokini. Seli T hukomaa katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, ambayo husinyaa tangu ujana. Uzeeni seli T mpya huwa chache, na ishara huchelewa au hufifia. Hivyo bakteria waliolala mapafuni miaka mingi huweza kuamka, pengine bila homa kali, kwa kuwa homa yenyewe huletwa na ishara hizo.

Mhudumu wa afya, usingoje homa. Mpime mzee uzito, mwulize kuhusu kikohozi na jasho la usiku, kisha agiza kipimo cha makohozi. Nawe mwenye mzazi, mfikishe kituoni mapema: matibabu ya kifua kikuu nchini hutolewa bila malipo, na mzee pia hupona.