Kuchochea na Kupepea: Msamiati wa Moto na Uchaguzi wa Jiko la Kuni Horohoro

Horohoro ni kituo cha mpakani katika Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga. Hapo ndipo barabara itokayo Tanga kwenda Mombasa inapoiacha Tanzania, na mbele yake, upande wa Kenya, ni Lunga Lunga. Asili ya mpaka huu ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Lakini Wadigo wanakaa pande zote mbili, na mstari ule haukukata Kidigo wala Kiswahili. Kwa sababu hiyo mwenye nyumba wa Horohoro atakaye jiko la kuni huweza kusikia majina ya nchi mbili kwa pamoja: banifu, sanifu, bora, kisasa, upesi. Majina ni mengi, na karibu yote ni ya sifa. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba majina hayo hayatoshi kumwongoza mnunuzi, na kwamba mizani iliyo bora zaidi imo katika vitenzi vya moto ambavyo kila mpishi wa pwani anavijua tangu utoto.

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Wingi wa jiko ulio wa asili ni meko, kama vile wingi wa jino ulivyo meno: kiambishi ma- kimekutana na irabu i ya shina, na sauti hizo mbili zikawa e. Kidigo huanza neno hili kwa dz, dziko, kama kisemavyo dzina mahali pa jina. Maana yake ya kwanza ni mahali pa moto. Kisha ikawa chumba cha kupikia. Kisha, kwa mzaha wa heshima, mke, ndipo husemwa kwamba fulani amepata jiko. Vilipoenea vyombo vya kupikia vilivyotengenezwa na mafundi, wasemaji walihitaji wingi mwingine, wakasema majiko. Hivyo neno moja lina wingi wa aina mbili: meko ni mahali, na majiko ni vyombo. Tena siku hizi wapo wasemao meko ya gesi wakikusudia chombo kimoja tu. Mgawanyiko huu si jambo dogo, kwa kuwa mahali pa moto hupokea kila kitu kiwakacho, lakini chombo hupokea kile tu kilichokusudiwa na fundi wake.

Meko ya asili ni mafiga matatu, au mafya kama wengine wa pwani wasemavyo. Methali yasema kwamba jifya moja haliinjiki chungu, na hesabu hiyo ya tatu ina sababu yake: kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi hata juu ya ardhi isiyo sawa. Mafiga yana fadhila nyingine. Hayanunuliwi, husogezwa yakafaa kijungu kidogo au sufuria ya arusi, na huchochewa kutoka pande tatu. Kasoro yao ni kwamba upepo huupeperusha moto, na joto jingi hutoka ubavuni bila kukigusa chungu. Aghalabu hukadiriwa kwamba joto lifikalo kwenye chakula ni kati ya sehemu 10 na 20 katika kila 100 za joto la kuni. Mpishi hodari aliyejikinga na upepo hupata zaidi ya mpishi mzembe, maana ustadi wa kuchochea una sehemu kubwa katika hesabu hiyo.

Kasoro hiyo ndiyo iliyoleta majiko mapya, na majina yao. Nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa jua kali wa Nairobi walianza kutengeneza jiko la bati lenye kiuno chembamba na udongo wa kuchomwa ndani yake, wazo ambalo asili yake ni jiko la ndoo la Thailand. Jiko hilo ni la makaa. Kwa kuni likatoka jiko la Maendeleo, ambalo pia liliitwa Upesi na Jiko Kisasa: ni mzingo wa udongo wa kuchomwa, wenye mdomo mmoja, ambao hujengewa kwa matope na mawe jikoni. Likawapo na Kuni Mbili, la kubebeka, la bati lenye udongo ndani. Tanzania nayo ilikuwa na Jiko Bora la makaa, na leo neno lililoenea katika shughuli za nishati ni jiko banifu, kutokana na kitenzi bana.

Majina haya yakipangwa, mara moja huonekana kwamba hayalingani. Bora ni sifa tupu. Upesi huahidi mwendo. Kisasa hutaja wakati, na katika Jiko Kisasa hata kiunganishi la kimedondoshwa, kama ilivyo kawaida ya majina ya biashara. Banifu hutaja tendo, yaani kubana, lakini halisemi kinachobanwa ni kuni au makaa. Ni Kuni Mbili peke yake linalotaja kitu kinachochomwa, na kiasi chake pia. Basi mtu akiambiwa kwamba jiko fulani ni bora au ni banifu, bado hajaambiwa lile alilohitaji kujua kwanza.

Jambo hilo hujulikana kwa vitenzi viwili: kuchochea na kupepea. Kuni huchochewa, yaani husukumwa ndani kidogo kidogo kutoka ubavuni kadiri ncha zake ziunguavyo. Makaa hupepewa, hutiwa kutoka juu, kisha hupelekewa hewa kutoka chini. Tofauti hii ya matendo hutokana na tofauti ya moto wenyewe. Ukuni ukipata joto, sehemu iliyo kubwa ya uzito wake hutoka kama mvuke na gesi, na gesi hizo ndizo ziwakazo kuwa ndimi za moto. Ndimi zahitaji nafasi, hewa na joto kabla hazijakigusa chungu. Zikigusa upesi kitu kilicho baridi huzimika, zikaacha moshi na masizi. Makaa yalikwisha toa gesi zake tanurini. Yaliyobaki huwaka kwa kuwa mekundu, karibu bila ndimi, na hutaka chungu kilicho karibu sana.

Kwa hiyo jiko la kuchochea lazima liwe na mdomo ubavuni na kifua kirefu kati ya moto na chungu. Jiko la kupepea huwa na kifua kifupi, sahani yenye matundu, na kijimlango cha majivu chini. Mtu anunuaye jiko la kupepea ilhali nyumbani ana kuni hulazimika kuzikata vipande vifupi na kuzitia kutoka juu. Kila azitiapo huepua sufuria, na moshi hujaa. Baada ya siku chache jiko huwekwa pembeni, na mafiga hurudi. Fedha zimepotea, na lawama hupewa mpishi.

Pengine husemwa kwamba dawa yake ni kuhamia kwenye makaa. Hesabu haikubali kwa wepesi. Kilo 1 ya makaa huwa na joto lisilofika mara mbili ya kilo 1 ya kuni kavu, hali matanuri ya udongo huhitaji kama kilo 5 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo hiyo moja. Jiko la makaa hupunguza moshi wa jikoni kwa kuuacha porini, pamoja na sehemu kubwa ya mti. Tena makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu waliolala katika chumba kilichofungwa.

Kitenzi cha tatu ni kusonga. Chakula cha kila siku cha Wadigo ni wari, ambao si wali wa Waswahili bali ni ugali, na ugali husongwa kwa nguvu. Jiko jepesi la kubebeka huteleza au hupinduka, na uji wa moto huwaunguza watoto. Nyumba isongayo ugali kila siku yafaa ijengewe jiko, au ichague lililo zito lenye kitako kipana. Mwenye kupanga chumba, ambaye huenda akahama, hana budi kuchagua la kubebeka, lakini alijaribu kwanza kwa sufuria yake mwenyewe.

Cha nne ni kupalia. Wali wa nazi na mikate mingi ya pwani hupaliwa makaa ya moto juu ya kifuniko. Mafiga hutoa makaa hayo bila kuombwa. Jiko lenye mdomo mwembamba huunguza kuni hata zikawa majivu, na makaa ya kupalia huwa haba. Dawa yake ni vifuu vya nazi, ambavyo hutoa makaa makali, ama kuyaacha mafiga mahali pake kwa ajili ya mapishi hayo. Nyumba kuwa na jiko jipya na mafiga pia si dalili ya ukaidi. Ni mgawanyo wa kazi.

Ama kuhusu moshi, yafaa maneno yapimwe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Kubana kuni si sawa na kuondoa moshi. Huko Malawi majiko yenye kupulizwa kwa feni yaligawiwa kwa maelfu ya nyumba, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 hayakuonyesha kupungua kwa nimonia kwa watoto wenye umri chini ya miaka 5. Kuni kavu, madirisha yaliyo wazi na bomba la kutolea moshi vina haki yao hata penye jiko lililo bora. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga kuwafikia watu 80 katika kila 100 ifikapo 2034. Hata hivyo nyumba ambayo leo haina ila kuni haina budi kupika leo.

Waandishi wa kamusi wana sehemu yao katika jambo hili. Ufafanuzi wa jiko usemao tu kwamba ni chombo cha kupikia haumsaidii mtu. Ungetaja kitu kiwashwacho, na mahali kitiwapo, ungekuwa umemwambia mnunuzi nusu ya ayatakayo. Na mnunuzi mwenyewe, asimamapo mbele ya fundi, asiulize kama jiko ni bora, maana jawabu lajulikana. Na aulize: Huchochewa wapi? Husimama nikisonga? Hubakiza makaa ya kupalia?