Kinga kwenye mlima: namna mzigo wa Walikale unavyovuka parki ya Kahuzi-Biega

Kila mkaaji wa Walikale anajua faida ya kinga. Siku kamyo inanasa kwenye potopoto na bei ya moto inapanda, ni kinga ndiyo inabeba bidoni za mafuta ya ngazi, muhogo, ndizi, mchele, na mara nyingine mgonjwa. Lakini kati ya msitu wa Walikale na masoko makubwa ya kando ya ziwa Kivu kuna milima. Njia ni mbili, na hakuna iliyo nyepesi.

Njia ya kwanza inapita Masisi. Toka Walikale inapanda kuelekea Mpofi, Kibua, Kashebere na Nyabiondo, inafika Masisi-centre, kisha inashuka Sake na kuingia Goma. Masisi-centre peke yake iko kilomita kama 80 toka Goma, na sehemu kubwa ya hizo kilomita ni kona, miteremko na udongo unaoteleza.

Njia ya pili ni barabara ya taifa nambari 3, ile ya Bukavu–Kisangani. Toka Walikale inapita vijiji kama Itebero, Musenge na Chambucha, inavuka mto Hombo ambao unatenga Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, inapanda Bunyakiri, kisha inaingia ndani ya parki ya taifa ya Kahuzi-Biega. Inatokea Tshivanga, inashuka Miti, na hapo Bukavu haiko mbali.

Juu ya nini kinga, si gari?

Walikale ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Ina karibu kilomita za mraba 23,500, yaani karibu sehemu mbili kwa tano za jimbo lote. Barabara za kupitisha gari ni chache. Mvua ikinyesha siku tatu, kamyo moja ikikwama inafunga njia kwa zote zilizo nyuma. Kinga inapita pembeni. Haina haja ya mafuta, inavuka daraja la miti miwili, na ikiharibika kijana anaitengeneza njiani kwa waya na kipande cha mpira.

Upande wa Masisi kuna mwenzake, chukudu, ile ya mbao. Ina pine mbili za mbao zilizovalishwa mpira, na mahali pa kuweka goti wakati mguu mwingine unasukuma. Chukudu inabeba mamia ya kilo: viazi, makala, mbao, maharagi. Inafaa Masisi sababu mzigo unashuka kwenda Goma, na mteremko ndio mashine yake. Wakati wa kurudi inapanda karibu tupu. Mjini Goma ilijengewa sanamu ya rangi ya dhahabu, na wakaaji wanajua kwamba haikuwekwa bure: mji ulilishwa na hiyo mbao.

Mkaaji wa Walikale ana shida ya kinyume. Mzigo wake ndio unapanda.

Kupanda: hesabu ya mwili

Walikale-centre, kando ya mto Lowa, iko chini ya mita 1,000 toka usawa wa bahari. Barabara ndani ya parki, upande wa Tshivanga, inapita mita 2,000. Mwenye kinga anapaswa kuinua mzigo wake zaidi ya mita 1,000 kwenda juu, bila kuhesabu vilima vyote vya katikati ambavyo anapanda na kushuka tena. Ni safari isiyo mbali na kupanda Nyiragongo toka Kibati, tena ukisukuma bidoni nne za mafuta.

Ndiyo maana mwenye mzigo hapandi juu ya kinga. Anaisukuma. Wengi wanafunga fimbo kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, ili mtu atembee pembeni akiwa wima na bado ashike njia. Wawili au watatu wanasaidiana: kwenye mpando mkali wanasukuma kinga ya kwanza hadi juu, kisha wanarudi kuchukua ya pili. Inachelewesha, lakini anayelazimisha peke yake anaumiza mgongo.

Hali ya hewa pia inabadilika. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama digrii 6. Mtu anatoka Walikale akitokwa na jasho, anafika juu na nguo zimelowa, na ukungu unamkuta hapo. Hewa nayo inakuwa nyembamba: kwenye mita 2,000 ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ile ya pwani. Pumzi inakatika upesi, na mtu aliyelala bila kula anasikia kizunguzungu. Nguo kavu iliyofungwa ndani ya plastiki ni ya lazima kama vile pompi.

Kushuka: hapo ndipo watu wanaumia

Wageni wanafikiri kazi inaisha juu. Wenye kuzoea wanasema ndiyo inaanza.

Nguvu yote iliyotumika kupandisha mzigo inarudi wakati wa kushuka, na inapokelewa na freni. Freni ya kinga ni vipande viwili vya mpira vinavyobana chuma cha pine. Kwa mtu mmoja vinatosha. Ukiongeza kilo 100 nyuma, vinapata moto na vinalika upesi. Chuma kikiwa na maji au matope, vinateleza.

Kuna sheria moja ya mbio ambayo kila kijana angepaswa kujua: ukizidisha mbio mara mbili, nafasi unayohitaji ili usimame inazidi mara nne. Anayesimama kwa mita 5 akienda polepole atahitaji mita 20 akizidisha mara mbili. Kwenye kona ya Masisi mita 20 hazipo. Kuna bonde.

Kwa hiyo wazoefu wanafanya mambo ya aina moja. Wanashuka chini na kutembea pembeni ya kinga. Wanafunga kipande cha pine ya zamani nyuma ili kiburute chini. Wanasimama mara kwa mara ili freni ipoe. Wa chukudu wanakanyaga kipande cha mpira kilichowekwa juu ya pine ya nyuma. Na mzigo mzito wanauweka chini, karibu na udongo, sababu mzigo wa juu unavuta kinga upande kwenye kona.

Ndani ya parki

Parki ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kufika karibu kilomita za mraba 6,000. Inagusa hata Walikale. UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ni nyumba ya sokwe wakubwa wa Grauer, ambao duniani wanapatikana tu mashariki mwa Kongo. Vita vya miaka ya 1990 vilimaliza karibu tembo wote wa upande wa milimani, na sokwe wa huko walipungua karibu nusu.

Barabara ni ya taifa, msitu wa pembeni ni wa parki. Kupita kunaruhusiwa, kukata mti, kutega mnyama, kuchoma makala au kubeba nyama ya porini ni makosa. Makala yanaweza kukamatwa, na mwenye kinga anapoteza mzigo aliousukuma siku nzima, hata kama yeye alinunua tu. Tena sokwe wanaambukizwa magonjwa ya watu, mafua pamoja nayo. Kuacha uchafu au kujisaidia pembeni ya njia ndani ya parki kunaweza kuwaua.

Hadithi ya parki ina upande mwingine pia. Wabatwa waliofukuzwa humo hawajasahau. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya haki za binadamu, iliyosema kwamba Kongo ilivunja haki zao.

Bariyeri na vita

Mlima si kitu pekee kinachokula faida. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walihesabu bariyeri 798 katika Kivu zote mbili, za watumishi wa serikali na za makundi yenye silaha. Bariyeri inaumiza mdogo kuliko mkubwa. Tuseme kila mmoja analipa franga 1,000. Kwa kamyo yenye mifuko 100, ni franga 10 kwa mfuko. Kwa kinga yenye mifuko miwili, ni franga 500 kwa mfuko. Zikiwa bariyeri kumi, mama anayenunua unga sokoni ndiye analipa.

Kisha kuna vita. Mwezi wa tatu 2025 M23 iliingia Walikale-centre, ikaondoka mwezi uliofuata. Njia ya Masisi imefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Njia iliyo wazi leo asubuhi inaweza kuwa imefungwa mchana.

Ndiyo maana wenye kinga hawaondoki bila kuuliza wale waliotoka upande wa pili jana. Wanaondoka mapema, wanaenda kwa kikundi, na wanahakikisha wamevuka msitu kabla ya giza. Freni wanaziangalia kabla ya kufunga mzigo, si baada. Mzigo ukipotea unaweza kutafutwa mwingine, lakini mtu aliyeanguka bondeni mara nyingi yuko mbali sana na hospitali, na atakayembeba kwenda huko ni kinga nyingine.